Mcheza Sinema Nyuma ya Kikapu

Mamangu alinipa sharti moja tu siku niliyotoka Kisauni kuja Riyadh. Hakuniambia nisali wala nijihadhari na wanaume. Alijua nina umri wa kutosha kuuchagua ujinga wangu mwenyewe. Alinishika kidole gumba akasema, "Usije ukanizika kwa simu."

Nilijua anasema nini. Mwezi ule jirani yetu alifariki na binti yake yuko Dammam. Simu iliegemezwa kwenye jagi la maji karibu na jeneza, msichana wa watu analia ndani ya kioo, mtandao unakatika, unarudi, analia, unakatika tena, mpaka mtu akaigeuza ile simu kifudifudi kwa sababu inawachanganya wasomaji wa Yasini. Mamangu alikuwepo. Alirudi nyumbani akakataa chakula. Basi nikamwahidi: miaka miwili, mama, halafu narudi unione kwa macho yako. Alikuwa na sukari na kidonda kidogo cha mguu. Lakini kwetu nani hana sukari?

Habari yangu yote ni ya ahadi hiyo. Nikisema maneno makali mnivumilie. Nina hasira, na sioni kwa nini niifiche, maana kuficha ndiko kulikonifikisha hapa.

Nyumba niliyofikia ilikuwa kubwa, ukuta mrefu, madirisha hayafunguliwi. Siku ya kwanza madam aliniuliza jina. Nilipomtajia alikunja uso. Jina langu lilikuwa la marehemu bibi yake, na aliona si adabu kulipaza kila saa kuelekea jikoni. Akanipa jingine hapo hapo, akiwa bado amesimama na mkoba begani. Nikasema sawa, madam. Unafika kwa watu na paspoti yako iko kwenye droo yao, utabishana juu ya jina?

Kazi yangu ilikuwa kumwangalia mama yake, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita mama kubwa. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Ulimi ulikuwa mzima, wallahi, mzima kuliko wa kwangu. Alilelewa Cairo, baba yake alikuwa na kazi huko, na kila Alhamisi ndugu zake walimpeleka sinema. Jambo alilolipenda duniani ni wale wachezaji wa zamani wa Amerika, wa siku zile ambazo sinema ilikuwa haijaota sauti. Aliwajua kama mamangu anavyojua nani kaolewa na nani kaachwa Kisauni nzima. Wajukuu walimwekea picha hizo kwenye tableti, wakambusu paji la uso, wakaenda zao. Aliyebaki kutazama naye ni mimi.

Kiarabu changu mwanzoni kilikuwa cha yalla na halas na mafi, yaani haya na basi na hakuna. Yeye alisema polepole, akachomeka Kiingereza, akamalizia kwa mkono wake mzima. Baada ya mwaka nilimwelewa vizuri, matusi yakiwa ya kwanza kueleweka.

Ndiyo nikazijua habari za watu wale. Msichana anaonekana dukani akiuza glavu, miaka kumi na sita, anachukuliwa na kampuni ya sinema. Wanamng'oa meno mawili ya nyuma ili mashavu yaingie ndani. Wanasema jina lake ni la kishamba, wanampa jipya. Wanamwekea mkataba wa miaka saba, na humo ndani imeandikwa awe na uzito gani, aonekane na nani, alale saa ngapi. Akikataa kucheza walichomchagulia, anakaa nyumbani bila malipo, na zile siku alizokaa zinaongezwa mwisho wa mkataba. Na kampuni nyingine ikimtaka anaazimwa, anakwenda, anarudishwa, kama sufuria ya harusi.

Niliposikia hayo nilicheka mpaka nikaiweka sahani chini. Mama kubwa akauliza kinachonichekesha ni nini. Nikamwambia hakuna, mama, namwonea huruma tu. Ningemwambia nini? Bintiye alikuwa chumba cha pili. Tofauti ya yule msichana na mimi ni kwamba yeye alipewa gari na koti la manyoya.

Kulikuwa na mwanamume mmoja mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuanguka. Alianguka kutoka kwenye ngazi, kwenye mapaa, kwenye gari linalokwenda, yeye mwenyewe, bila mtu wa kuanguka badala yake. Nilimpenda huyo. Mama kubwa akaniambia nyumbani kwake alikuwa mtu wa kununa, watoto wanamwogopa, jioni anakaa peke yake anapanga misumari kwenye makopo kwa ukubwa. Sauti ilipoingia kwenye sinema hawakumtaka tena. Mwishowe walimlipa akae nyuma kabisa kwenye mkahawa wa uongo, anakunywa supu, na wenye sinema yao wako mbele wanaongea. Kulikuwa na mwingine mzuri wa sura hadi wanawake wakizimia. Siku walipomsikia akisema, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi. Wale wale waliokuwa wakimlilia ndio waliomcheka.

"Watu gani hao!" nilisema.

"Watu ni hao hao," akasema mama kubwa, akaomba chai.

Lakini siku moja alinikera na sikumsamehe upesi. Katika picha moja alitokea mwanamke mweusi, mnene, aproni nyeupe. Anafungua mlango, anatoa macho, anashangaa, anatoka. Baada ya wiki mbili nikamwona tena kwenye picha nyingine, aproni ile ile, mlango mwingine. Nikauliza, huyu anaitwa nani? Mama kubwa akafikiri. Huyu mama alikuwa anajua mpaka majina ya mbwa waliocheza sinema, nawaambia, mbwa! Akasema, "Huyo? Huyo ni mtumishi."

"Najua ni mtumishi. Jina lake?"

"Hawakuandika."

Nikatoka kwenda kuanika nguo. Nilizipiga zile shuka kwenye kamba mpaka dereva akachungulia kuona kuna nini.

Sasa niseme habari ya Ijumaa. Sisi wanawake tulioko huku tuna desturi, na atakayekataa ni mwongo: kila Ijumaa unatuma video nyumbani, na kwenye video hiyo huna shida. Unangoja madam atoke. Unavaa abaya aliyokutupia, unakaa sebuleni kwake, mbele yako tende na birika la kahawa, unasema mimi niko sawa, nanenepa, nisalimieni wote. Kisha unaruka upesi kurudisha mito mahali pake. Nilimjua mmoja aliyepiga picha kwenye gari la bosi wake mpaka ukoo wake wote ukaamini amenunua gari.

Mimi sikuwa hodari. Mama kubwa alinikuta siku moja narekodi karibu na kitanda chake, akanitazama kwa dharau. "Unacheka kwa meno," akasema. "Wale hawakuwa na sauti, walifanya yote kwa macho. Anza na macho, kinywa kije baadaye." Nikarudia. "Tena!" Nikarudia. "Tena, umekunja mabega." Alikuwa na furaha siku ile, maskini, mkono wake mzima unapiga kitanda. Mara ya sita akasema ningekuwepo wakati ule ningepata mkataba. Nikamjibu nimeshapata.

Tangu hapo Ijumaa zangu zikawa za ajabu. Mdogo wangu, anayeendesha tuktuk na anayeishi na mama, aliniambia mama anazionyesha mtaa mzima. Watu wanasema mtoto huyu Mungu kamwona. Nami pia nilimtumia mama sauti nikimsimulia habari za wale wachezaji, maana sikuwa na habari zangu zinazosimulika. Aliyempenda zaidi ni mwanamke mmoja aliyebeba mimba katikati ya kazi. Kampuni haikutaka kusimamisha sinema wala haikutaka mtu ajue. Basi wakampiga picha nyuma ya vitu. Leo kikapu, kesho kiti, keshokutwa maua marefu, na kamera imeganda kifuani kwenda juu. Miezi mitano hakuna aliyegundua. Mama kubwa alisema kamera ni mpumbavu, inaona kile unachoipa.

Mamangu alicheka mpaka akakohoa. Akanirudishia sauti: "Ngoja kwanza. Hicho kikapu alikiweka wapi?"

"Mapajani mama, akiwa amekaa."

"Na akitaka kusimama?"

"Hasimami."

"Ala! Kumbe," akasema.

Nilidhani ni umbea tu. Mamangu alikuwa mmbea, Mungu amrehemu, na mimi nimerithi.

Mwaka wa pili ulipokuwa unakwisha, video zake zilikuwa nzuri. Kila Ijumaa nilimkuta amekaa barazani, kanga mpya, wanja machoni, uteo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Kidonda? Kimepona siku nyingi. Sukari? Imetulia. Nikamtania, mama, mchele huo hauishi? Akasema wageni ndio hawaishi, mwanangu. Nilikuwa nimemnunulia viatu pale Al-Shumaisi, vya ngozi laini, visivyobana, mwenye duka aliniapia ndivyo wagonjwa wa sukari wanavyoshauriwa. Nikavipeleka kwa watu wa kago wa Al-Sulay. Vilipofika alinirekodia. Aliinua mguu mmoja mbele ya kamera, kiatu kinang'aa, akauzungusha kifundo. "Umeona? Kimenikaa vilevile!" Niliitazama video ile labda mara ishirini. Nikamwonyesha mama kubwa, naye akasema mamako ana uso wa sinema. Nilijisikia fahari.

Mkataba ulipokwisha nilimwambia madam nataka karatasi ya kutoka. Akasema subiri apatikane mwingine. Nikasubiri. Akasema mwingine amekataliwa kwenye vipimo. Nikasubiri. Baba wa nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, na kwa miaka miwili hakuwahi kusema nami zaidi ya "chai", alisema kama nina haraka nimuulize madam. Hapo nilipaza sauti. Mara moja tu, katika korido, nilisema nimemwahidi mamangu na siku zimepita. Madam alishtuka kweli. Nadhani alikuwa hajui kwamba nina mama.

Mama kubwa alisikia. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, machozi yakamtoka, akasema nikiondoka atakufa kwa watu wasiojua kukaa kimya. Mwaka mmoja mwingine. Mmoja tu. Mpaka leo sijui kama alilia au alicheza. Aliyenifundisha kwamba machozi huanza kwenye kope za chini ni yeye.

Ijumaa ile nikampigia mama, nikamweleza. Nilitaka aseme rudi. Nawaambia ukweli wangu: angesema neno hilo ningekaa sakafuni pale hadi wanipandishe ndege. Alikuwa barazani, uteo mapajani. Alichagua jiwe, akalitupa, akatabasamu. Tabasamu lilianza kwenye macho.

"Ongeza mwanangu," akasema. "Mimi niko. Si unaniona?"

"Nakuona mama."

"Basi."

Nikaweka sahihi. Hakunilazimisha mtu. Hilo huwa nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine.

Wiki sita baadaye dada ya madam alijifungua Jeddah, na madam akaniazima. Ndiyo, akaniazima. Aliniambia asubuhi, gari lilikuwa mlangoni alasiri. Nikaenda kumuaga mama kubwa nikitegemea atapiga kelele, atakataa, si alisema atakufa? Alikuwa anatazama picha. Binti wa Kiganda aliyeletwa kushika nafasi yangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu. "Rudi upesi," mama kubwa akasema, na jicho lake halikutoka kwenye kioo. Nilibaki mlangoni nimeshika mfuko wangu. Huyo ndiye niliyembakia! Nilikumbuka yule wa kunywa supu nyuma ya mkahawa, nikajiambia, haya, na wewe kanywe supu yako.

Jeddah kuna unyevu, nguo hazikauki, mtoto alikuwa analia na mama yake analia zaidi. Nilikuwa hata siku ishirini sijafikisha pale. Ilikuwa Jumanne asubuhi, niko chumba cha kufulia, simu ikaita. Mdogo wangu hanipigii asubuhi. Sikuuliza kitu. Nilisema, "Sema tu." Akasema mama amekwenda alfajiri, watamzika adhuhuri.

Adhuhuri ilipokaribia nilimwomba yule dada wa madam ruhusa. Akasema Allah yarhamha, akanishika bega, akasema nichukue dakika kumi maana mtoto anaamka. Sikumchukia. Alikuwa mtu wa kuishi kwa dakika kumi kumi, hata yeye.

Basi nikamzika mamangu kwa simu, nimesimama kati ya mashine ya kufulia na kapu la nguo za mtoto. Mashine ilikuwa inazunguka na sikujua kuizima katikati. Niliona baraza letu limejaa watu. Niliona jeneza. Mtandao ukakatika, ukarudi. Nilijiziba mdomo kwa nepi safi kwa sababu nilikumbuka simu iliyogeuzwa kifudifudi, nikasema mimi hawatanigeuza, nitalia kimya, nimefundishwa.

Walikuwa wanatafuta kanga ya kumfunika. Mdogo wangu akaingia chumbani kwa mama na simu mkononi, akainama kufungua sanduku, na kamera ikatazama chini ya kitanda. Vile viatu vyangu vya Al-Shumaisi vilikuwepo. Kimoja kimechakaa, kisigino kimelala upande. Cha pili ni kipya. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imejazwa ndani yake.

"Hicho kiatu," nikasema. "Hebu kishike."

Akaiangalia simu. Nikamwona anaelewa nilichoona. Akasema, "Dada, wananiita," akakata.

Hitima yake niliifanyia Al-Hindawiyah Ijumaa ile, kwa bibi mmoja wa asili ya Unguja ambaye wazazi wake walihamia Jeddah mwaka wa mapinduzi. Alinipokea bila kunijua, akapika, akaita wenzake wakasoma. Aliniuliza kama nilimuwahi mamangu. Nikamwambia sikumuwahi. Hakuuliza tena, akanijazia sahani. Watu walipoanza kutawanyika, mdogo wangu alipiga. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikamsikiliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewasha kamera.

Walimkata mguu miezi tisa kabla ya kufa, chini kidogo ya goti. Kidonda hakikupona hata siku moja. Baada ya hapo sukari ikashika figo. Barazani alibebwa kila Ijumaa, akawekewa mto mgongoni, akapakwa wanja, akafunikwa kanga na uteo juu yake. Viatu vilipofika alifurahi sana, akavaa kile kimoja.

Nilimtukana mdogo wangu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na wanawake wa hitima walikuwa wanapita na mabuibui yao wakisikia. Nilimuuliza alikuwa na moyo gani, kunitazama naweka sahihi.

"Aliniapisha," akasema. "Halafu dada, wewe mwenyewe ulionekana una raha. Sebule ile, tende zile. Mama alikuwa akisema, mwanangu kapata, tusimharibie. Tungejuaje?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa abaya ya madam.

"Alikuwa ananirekodisha mara nne, mara tano, ndiyo nitume," akaendelea. "Kanga ikiteleza, anasema tena. Akicheka vibaya, anasema tena. Nikimwambia mama inatosha, anasema wewe hujui mambo haya, dadako ndiye aliyenifundisha. Habari ya yule mwanamke na kikapu."

Nilimuuliza uteo uko wapi. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Uko juu ya kabati. Na mchele wake," akasema. "Ni ule ule, dada, tangu mwanzo. Hakuwahi kuupika. Umechaguliwa mpaka hauna hata jiwe moja."